Tupeane uzoefu: mke na mume wanaoishi chomboni, Mtwara na Lindi

Omo na Shetri: Wakuu, uzi huu ni wa wanaoishi au wanaojiandaa kuishi chomboni (chombo cha tanga baharini), mke na mume, kati ya Msimbati na Lindi. Tuweke vipimo, vifaa na kinachoharibika. Naanza na nanga, maana usingizi wa wote wawili umefungwa hapo.

Wengi hupima kina maji yakiwa yamekupwa, kisha hutoa kamba kwa kina hichohicho. Huku bamvua (maji makuu ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo) hupandisha maji zaidi ya mita 3. Chukua kina cha mita 5, ongeza 3.5 za kujaa, ongeza mita 1 kutoka majini hadi omo (mbele ya chombo): 9.5. Zidisha kwa 5, unapata karibu mita 48 za kamba. Upepo ukichacha, zidisha kwa 7. Nanga hushika ikivutwa kwa ulalo. Kamba fupi huinyanyua ikang'oka. Mita 8 za kwanza ziwe mnyororo, matumbawe hula kamba.

Mama Chomboni: Ahsante mkuu. Nyongeza ya maji ya kunywa. Wawili wanatumia lita 8 kwa siku kunywa na kupika, na lita 4 za kusuuza mwili baada ya kuoga maji ya bahari. Lita 200 zinatosha siku 13 tu, kwa sababu 40 za mwisho ni akiba, haziguswi. Gawanyeni katika madumu 10 ya lita 20 badala ya pipa moja: dumu likivuja au maji yakiharibika, tisa yamebaki. Yafunikeni yasipigwe na jua, la sivyo yanaota ukijani.

Kijana wa Mikindani: Kupikia, gesi au mkaa?

Mama Chomboni: Mdogo wangu, mkaa ndani ya sanduku la mchanga, tena juu, penye hewa. Usilale na jiko linalofuka ndani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama chini ya sakafu ya chombo, na cheche moja ya betri inatosha. Mwenye kuitumia afunge mtungi kila baada ya kupika.

Msafiri wa Sudi: Lindi kwenda Mtwara wakati wa kusi (upepo wa kusini) ni kazi: upepo uko usoni, na mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini. Ng'oeni nanga alfajiri kwa umande (upepo mwanana wa kutoka bara), mkalale Sudi iliyo njiani, siku ya pili mmalizie. Msilazimishe adhuhuri, tanga litachanika. Kaskazi (upepo wa kaskazini), Desemba hadi Machi, njia hiyo ni nyepesi. Ila msidhani masika ikielekea mwisho hatari imeisha: kimbunga Kenneth kilikuja Aprili 2019, Hidaya Mei 2024. Sikilizeni Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutweka tanga.

Omo na Shetri: Hili nalisisitiza kuliko yote. Mke asiwe abiria. Mume akianguka majini, aliyebaki chomboni afanye hivi kwa mfuatano: atupe dumu tupu lililofungwa, asimwondolee macho, afungue demani (kamba ya kuongozea tanga) tanga limwage upepo, ndipo alitue. Akiwa anakimbilia usukani kwanza, aliyeanguka anapotea kwenye mawimbi. Kamba yenye vitanzi vya kukanyagia ining'inie ubavuni muda wote, kwa sababu mtu aliyelowa na kuchoka hawezi kujivuta kwa mikono. Fanyeni zoezi na dumu, kwa zamu, mpaka kila mmoja aweze peke yake. Maboya ya kuokolea ya kuvaa mawili, kila moja kwa kipimo cha mwenyewe.

Fundi Kalafati: Kwa chombo cha mbao: kipandisheni ufukweni maji ya bamvua yakijaa, yakikupwa parueni magamba, chomeni chini kwa makuti kuua minyoo inayotoboa mbao, zibeni nyufa kwa pamba, pakeni shahamu (mchanganyiko wa mafuta na chokaa) kabla maji hayajarudi. Saa ni chache, hivyo makuti na shahamu viwe tayari tangu jana yake. Mmoja aparue, mwingine afuate na pamba, na mkuku (uti wa chini wa chombo) uangaliwe mwanzo, maana ndio unaosahaulika.