Naomba ushauri: tuwashukuruje wanaoisaidia maktaba yetu?

Habarini wakuu, niko kwenye kamati ya maktaba ya wilaya, mji wetu mdogo tu huku mkoani Tanga. Mshahara wa mkutubi upo ila mengine yanabebwa na watu, kuna mwalimu mstaafu anashona vitabu vilivyochanika, bodaboda anatuletea maboksi toka stendi bila nauli, mama wa steshenari anatupa gundi na karatasi za kujaladia. Vyeti tulishatoa, chai na maandazi tukaandaa, mwalimu hakutokea, hapendi kutajwa mbele za watu (namuelewa kwa kweli). Sasa nauliza, kuandika jina lake ndani ya jalada la kitabu alichokishona itamkera? Na huyu wa boda, tukimwekea mafuta mara moja moja si ataona tumemgeuza kibarua?