Kijana aliyetoroka msimu wa korosho: Paulo na Barnaba wangemfanyaje?

Mlezi wa vijana, Masasi

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe. Nalea vijana waliopata kipaimara katika kanisa letu la Kianglikana huku vijijini Masasi. Mwaka jana tulimteua kijana mmoja mwenye bidii aongoze mafunzo ya Biblia ya kila Jumamosi. Ilipofika Oktoba, korosho zilipoanza kudondoka, alitoweka bila kuaga, na hatukumwona tena hadi Januari, alipokwisha kulipwa fedha zake na chama cha msingi. Sasa anaomba arudishwe katika nafasi yake. Wazee wamegawanyika: wapo wanaosema kwamba aliyeacha kazi ya Bwana kwa ajili ya korosho hafai kuongoza wenzake, na wapo wanaokumbusha kwamba hata sadaka ya kanisa hutoka katika korosho hizo hizo. Mzee mmoja alipotaja habari za Yohana Marko katika Matendo 15, yule aliyewaacha Paulo na Barnaba safarini, kisha Barnaba akataka wamchukue tena na Paulo akakataa hata wakaachana, ubishi ukahamia kwa Paulo na Barnaba, na kijana mwenyewe tukamsahau. Naomba mnisaidie: katika ugomvi ule, nani alikuwa na haki, na mitume waliwaleaje wanafunzi waliowaangusha?

Mwinjilisti mstaafu, Newala

Ndugu mlezi, nakuomba kwanza usimhukumu Paulo haraka, kwa maana wahubiri wengi humfanya mkali na Barnaba mwema, kisha wanafunga kitabu. Marko aliwaacha wenzake Perge ya Pamfilia akarudi Yerusalemu (Matendo 13:13), na Luka hatuambii sababu. Baada ya yeye kuondoka, wale wawili walipanda kwenda Antiokia ya Pisidia wakafukuzwa, wakakimbia Ikonio, na huko Listra Paulo alipigwa mawe akaburutwa nje ya mji akidhaniwa amekufa. Mtu aliyepitia hayo anapokataa kusafiri tena na aliyemwacha njiani, hakatai kwa kisirani tu. Anajua safari inadai nini.

Hata hivyo, tazameni mwisho wa habari. Barnaba alimchukua Marko wakavuka kwenda Kipro, naye Paulo akaenda na Sila kupitia Shamu na Kilikia. Miaka ikapita, na katika Wakolosai 4:10 Paulo anawaagiza waumini wampokee Marko akija kwao. Katika 2 Timotheo 4:11 anaomba aletewe Marko kwa sababu anamfaa katika utumishi. Luka hakuandika nani alishinda ubishi ule, nami nadhani alifanya hivyo kwa makusudi. Kanisa lilimhitaji aliyesema kazi ina masharti, na lilimhitaji pia aliyekubali kukaa na yule aliyeshindwa.

Binti wa mvuvi, Mikindani

Shikamoo mzee wangu wa Newala. Naongeza la Petro, kwa sababu kosa lake lilizidi la Marko: Marko alirudi nyumbani, lakini Petro aliapa kwamba hamjui Bwana wake. Yohana ametuachia jambo dogo ambalo sisi wa pwani hatulipiti. Petro alipokana, alikuwa akiota moto wa makaa katika ua wa kuhani mkuu (Yohana 18:18). Baada ya kufufuka, Yesu aliwangoja ufukweni akiwa na moto wa makaa, samaki na mkate (21:9). Katika Agano Jipya lote moto wa namna hiyo umetajwa mara hizo mbili tu. Waliotoka kuvua usiku kucha bila kupata kitu walilishwa kwanza, ndipo Petro akaulizwa mara tatu kama anampenda Bwana, na kila alipojibu akakabidhiwa kundi.

Kwa hiyo Petro hakurudishiwa kazi kimyakimya kana kwamba hapakutokea neno, wala hakuitwa kikaoni asomewe mashtaka. Je, kijana wenu amekwisha kuulizwa na mtu yeyote, tena akiwa ameshiba?

Mkatekista, Ndanda

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba radhi, nitasema jambo litakalouma kidogo. Ndugu mlezi, umeandika kwamba kijana hamkumwona hadi Januari. Katika miezi hiyo mitatu, nani alimfuata shambani? Mnambishania Barnaba wa sura ya 15, lakini mmemruka Barnaba wa 11:25, aliyefunga safari hadi Tarso kumtafuta Sauli, ndiye Paulo, akampata na kumleta Antiokia ya Shamu, wakafundisha pamoja mwaka mzima. Wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza katika mji huo.

Mitume hawakulea watu kwa saa moja ya wiki. Marko 3:14 inasema Yesu aliwaweka wale kumi na wawili kwanza wawe pamoja naye, kisha ndipo awatume. Paulo alishona mahema Korintho na Akila na Priskila, na nadhani mengi waliyoyajua waliyapata wakiwa na sindano mkononi. Baadaye hao hao walimchukua Apolo kwao wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi, bila kumwaibisha mbele ya sinagogi. Wazee wetu wa kusini walilijua hilo katika jando: mwali hakuachwa peke yake, alikuwa na mtu mzima wa kukaa naye mpaka atoke. Askofu Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Masasi kuanzia 1926, aliona thamani ya malezi hayo akayaingiza katika jando la Kikristo. Sisi tumebaki na cheti cha kipaimara.

Mlezi wa vijana, Masasi

Nawashukuru nyote. Mkatekista, imeuma kweli, kwa kuwa shamba la kina kijana si mbali na hakuna aliyekwenda, nikiwamo mimi. Jana nilimwalika tukala pamoja, nikamuuliza. Kumbe baba yake alikuwa mgonjwa na hapakuwa na mwingine wa kuokota. Tumekubaliana kwamba kwa sasa aongoze pamoja na mwenzake, na Oktoba ikifika mafunzo yahamie chini ya mikorosho, tukimaliza kuokota. Mzee mmoja wa kanisa letu, anayemtetea Paulo, bado hajaridhika. Ameomba tusome kwanza sura ya 16, ambamo Paulo anamchukua Timotheo safarini. Tutaisoma Jumamosi.