Kaniuzia bunduki mbovu, halafu mbele ya mwanangu anasema mkono wangu ni wa jembe!

Wakuu, ndio nimeingia nyumbani sasa hivi. Sijaoga, sijala, vumbi la shamba la alizeti bado liko masikioni. Mke wangu anauliza njiwa wako wapi, nimemwambia aniache kwanza niandike.

Mnamjua. Jina silitaji kwa sababu halina kazi. Huyo huyo wa hapa Texas ambaye kila sherehe ya Watanzania anashika kipaza sauti bila kuombwa na hakirudishi mpaka betri iishe. Mwenye pikapu ndefu kama basi la Kigoma. Huyo.

Mwezi wa sita kaniuzia Remington 1100, geji 12 (ndio upana wa mtutu), dola 450 taslimu. "Mdogo wangu, hii haijawahi kukwama tangu izaliwe." Nikamwamini, kaka mtu, mkoa mmoja. Na 1100 yenyewe ni bunduki ya heshima, ipo sokoni tangu 1963, inajipakia kwa gesi ya baruti na hailipigi bega teke kama nyingine. Nilitazama mtutu, safi. Kitako, kinang'aa. Mbao ya mbele, ile ya chini ya mtutu, sikuifungua. Nani anamfungulia kaka yake mbao ya mbele?

Nikasoma kozi ya uwindaji, nikalipia leseni na ile nyongeza ya ndege wanaohama. Miezi 2 sikulala nikiisubiri tarehe 1 Septemba, siku ya kwanza ya njiwa.

Leo ndiyo imefika. Njiwa wamekuja kama mvua ya masika, jua linazibwa. Pa! Mmoja chini. Nabonyeza tena: kimya. Ganda la risasi limebanwa kwenye mlango wa kutokea, nusu ndani nusu nje. Nalivuta kwa kidole, napakia, pa! Kimya tena. Bunduki ya kujipakia yenyewe imegeuka gobore, na gobore la marehemu babu yangu lingekuwa limeshapiga mara 3.

Ndipo akainuka kwenye kiti chake. Tulikuwa watu 11 na watoto juu. Mwanangu wa miaka 9 kakaa pembeni yangu na kikapu cha kuokotea njiwa. Jamaa akapaza sauti ile ile ya harusini: "Bunduki haina shida, mkono wako ndio wa jembe!"

Mkono wa jembe. Watu wakacheka mpaka njiwa wakabadilisha njia.

Kikomo ni njiwa 15 kwa siku, nimerudi na 2. Na hilo si kitu. Kwenye gari mwanangu ananiuliza, "Baba, mkono wa jembe ni nini?" Wakuu, nilishindwa kujibu. Baba yangu alilima mahindi kwa jembe la mkono mpaka nikamaliza chuo. Jembe ndilo lililonileta hapa, leo limekuwa tusi mdomoni mwa mtu aliyekula mahindi hayo hayo.

Nikapitia kwa fundi bunduki, mzee wa Kizungu. Kafungua mbao ya mbele dakika 1 tu, akaguna. Hii bunduki ina mpira wa duara unaovaa kwenye bomba la risasi chini ya mtutu. Huo ndio unaoziba gesi ili isukume pistoni nyuma, ganda litoke, risasi nyingine iingie. Usipokuwepo gesi inavuja mbele, unabaki na bunduki ya risasi moja moja. Mpira wangu ulikuwa wa KOKI YA BOMBA LA MAJI. Umekatika vipande viwili, umezungukwa na grisi nyeusi kama lami. Mpira halisi ni bei ya soda mbili!

Yaani alijua. Kaweka mpira wa koki kwa mkono wake, halafu anasimama mbele ya mwanangu kusema mkono wangu ni wa jembe!

Mzee wa Alizeti: Nilikuwepo. Nilicheka, samahani mkuu. Ila ile sauti ilisikika mpaka Oklahoma.

Chuma Baridi: Mkuu, hujaweka risasi za inchi 3 kwenye chemba (chumba cha risasi) ya inchi 2¾ kweli? Wageni wengi ndio zao.

Mwenye uzi: Mtutu umeandikwa 2¾, nimesoma, nimenunua 2¾. Mtu kasema mkono wa jembe mbele ya mtoto, wewe unanipima inchi?

Chuma Baridi: Nauliza tu. Halafu mpira ule hata ukiwa halisi huchakaa. Mwenye 1100 hutembea na wa akiba mfukoni. Dola 450 umetoa bila kufungua mbao? Hapo kaka hana kosa, kauza.

Binti Songea: Kosa analo! Ukijua kitu kina kiraka, unasema kina kiraka.

Mwana wa Kware: Ndiyo maana mimi ni bunduki ya Benelli tu. Haitegemei gesi, inajiendesha kwa teke lake yenyewe. Haina mpira, haina grisi, haina kesi.

Chuma Baridi: Ipe risasi nyepesi uone itakavyokwama. Na bega lako mbona unatembea nalo upande mmoja?

Mwana wa Kware: Bega ni la mpira wa miguu, 2009.

Gobore la Rukwa: Huku kwetu babu alishindilia baruti mwenyewe. Likigoma, alijua wa kumlaumu. Nyie mnauziana hewa.

Mzee wa Alizeti: Kijiti cha kuzuia risasi zisizidi 3 alikuwekea? Kwa njiwa hiyo ni sheria ya nchi nzima, ukikamatwa bila hicho faini ni yako.

Mwenye uzi: Kijiti nimeweka mimi, kwa mkono huu huu wa jembe! Msitoke kwenye mada. Nataka aje aombe radhi mbele ya mwanangu.

Binti Songea: Huyo aombe radhi? Mimi kaniuzia Corolla, akaniambia taa ya injini ni pambo. Imekufa barabara ya I-35 saa 2 usiku nikiwa na keki ya harusi ya watu.

Tarimbo: Kumbe ile keki ndiyo ilikuwa hivyo! Tulikula tukijua ni ya ghorofa moja.

Binti Songea: Ilikuwa ya ghorofa 3.

Gobore la Rukwa: Hahahaha.

Tarimbo: Mimi jenereta. Sitaki hata kuongea. Na mchango wa mbuzi wa 9 Desemba mwaka jana aliukusanya nani?

Mzee wa Alizeti: Yeye. Tulichanga mbuzi 4, mimi nilihesabu vichwa 2.

Mwana wa Kware: Kichwa kimoja nilipewa mimi cha supu. Kingine sijui.

Mwenye uzi: Wakuu, mpira wa koki!

Tarimbo: Subiri kwanza mkuu. Nani alipika ile pilau? Maana nyama mle ndani haikuwa ya mbuzi hata 2.

Binti Songea: Mwaka huu napika mimi, na hela ya nyama nashika mimi.