Kumbukumbu za ukoo: Gramps, FamilySearch au nibaki na Excel?

mtoto_wa_keko: Wakuu za jioni. Nimebebeshwa kazi ya kuandika ukoo wetu, Desemba kuna kikao na wazee wanataka kuuona. Nina madaftari ya marehemu babu, vyeti, picha na sauti za shangazi kibao. Nilianza na Excel, imekuwa vurugu tupu. Nichukue ipi?

kobe_mzee: Mkuu una simu au laptopu? Watu wangapi? Uko peke yako au na ndugu? Bajeti? Unauliza bei ya nyumba bila kusema iko wapi 😂

mtoto_wa_keko: Laptopu ya Windows, ram 4. Watu kama 180. Bajeti ndo hiyo, sina.

dada_upanga: Gramps basi, programu ya mti wa ukoo unaiweka kwenye laptopu. Bure, haili bando, na kila tarehe unaifunga na chanzo chake, daftari la babu ukurasa fulani. Shangazi akibisha unamfungulia ukurasa.

kobe_mzee: Gramps kuizoea ni kazi, menyu kama ndege. Mi nasema FamilySearch, tovuti ya mti wa ukoo, bure na ipo kwenye simu.

dada_upanga: Kule mti ni mmoja wa dunia nzima, marehemu wako mtu yeyote anaweza kumhariri. Walio hai ndo wanafichwa. Ukoo wenye ugomvi wa mirathi utapeleka huko?

fundi_manyanya: Programu yoyote, ila kopi kwanza. Mi nilimrekodi bibi kijijini miaka miwili, anataja babu zake wanane mfululizo kama anaimba, jogoo nyuma anawika, anamfukuza anaendelea alipoishia. Yote kwenye laptopu moja. Kioo kikafa nikapeleka kwa fundi mmoja mjini, kaweka kioo, halafu kwa hisani yake akapiga na window upya eti ilikuwa nzito. Bibi alishafariki. Kilichobaki ni sekunde 40 kwenye WhatsApp ya dada yangu, na humo jogoo ndo anasikika zaidi.

mtoto_wa_keko: Dah pole sana mkuu. Leo leo nanunua flashi.

dada_upanga: Flashi mbili, moja ikae kwa ndugu. Na ukitoa faili la GEDCOM, lile la kuhamishia mti kwenye programu nyingine, ujue linabeba maandishi tu, picha na sauti zinabaki. Gramps ina kifurushi chake cha gpkg kinabeba vyote.

mtoto_wa_keko: Swali lingine, programu zinadai jina la ukoo. Sisi babu Juma Ally, baba Ally Juma, mimi Juma Ally tena. Kwenye Excel nina Juma Ally wanne!

dada_upanga: Gramps unachagua kwamba jina la pili limetoka kwa baba. Na kila mtu anapewa namba yake, hawachanganyiki.

mluguru_og: Mnasema kwa baba kwa baba, sisi Waluguru ukoo unafuata mama. Hiyo mi-programu yenu inajua hilo?

kobe_mzee: Shemeji umeanza 😂

mluguru_og: Nauliza serious. Mjomba ana kauli kuliko baba, nimchore wapi?

dada_upanga: Mstari wa mama unauchora vizuri tu, kila mtu ana baba na mama. Cheo cha mjomba ndo utaandika kwenye maelezo.

mtoto_wa_keko: Sasa mke mdogo wa babu na watoto wake Mtwara, shangazi kasema nisiwaweke kabisa.

mluguru_og: Waweke!

kobe_mzee: Usiwaweke kabla ya kikao, utafukuzwa na laptopu yako.

fundi_manyanya: Huyo shangazi ndo mwenye zile sauti? Zikopi kwanza kabla hujamuudhi.