Pesa ya korosho ikitoka: Mabamba na Kampala, au Bangweulu na Lusaka?

Ticha_Chikongola (Mtwara)
Wakuu, salaam. Mwaka huu mimi na mzee tumekubaliana malipo ya korosho yasiishie yote kwenye bati na saruji. Tunataka kuvuka mpaka, tukaone ndege na wanyama wa kwenye kinamasi, halafu tubaki siku chache kwenye jiji ambalo hata stendi yake hatuijui. Nairobi tumeshafika. Dar kwangu si safari, ni kwenda kwa wakwe.

Nimechuja nimebaki na mbili. Uganda, kinamasi cha Mabamba kwenye Ziwa Victoria kisha Kampala. Au Zambia, Bangweulu kisha Lusaka. Kote kuwili yupo yule korongo wa kijivu mwenye mdomo wa kiatu, na huyo ndiye ninayemfuata. Tembo sina haja nao, Liwale wanalala kwenye mashamba ya watu. Nafundisha baiolojia, kwa hiyo nafasi yangu ni Desemba au Juni tu.

Naomba mchanganuo wa mtu aliyefika, si "nenda utaona mwenyewe".

Dereva_Mstaafu (Lindi)
Mwalimu, nimeendesha malori njia zote mbili, acha nianze na ramani. Zambia inaonekana karibu kwa kuwa tunapakana nayo, lakini wewe unatokea Mtwara. Ama upande hadi Dar ukamate barabara ya Tunduma, ama ukate Masasi, Tunduru, Songea, Njombe hadi Makambako ndipo uelekee Mbeya. Lami ipo, ila ni mwendo. Ukivuka Nakonde unateremka kupitia Mpika hadi Serenje, Bangweulu inabaki ndani huko mkono wa kulia. Ukimaliza kinamasi, bado una karibu kilomita 400 kufika Lusaka.

Uganda ni mbali, lakini ukifika umefika. Entebbe hadi Kampala ni kilomita 40 hivi, na Mabamba iko ng'ambo ya maji kutoka Entebbe. Unaamka kwenye kinamasi, jioni unakula mjini.

Halafu Desemba Zambia ni masika. Njia za kuingia Bangweulu ni za udongo, mvua ikikolea gari halipiti. Ukitaka Bangweulu ni Mei, Juni, maji yanaporudi nyuma.

Mzawa_wa_Mikindani
Naomba niitetee Bangweulu, maana humu watu wanahesabu kilomita tu. Livingstone, yule mpelelezi Mskoti, alishukia hapa kwetu Mikindani Machi 1866, akaifuata Ruvuma kuingia bara. Safari hiyohiyo ikamwishia kijijini kwa Chitambo, pembezoni mwa vinamasi vya Bangweulu, mwaka 1873. Watumishi wake Chuma na Susi na wenzao wakauzika moyo wake palepale chini ya mti, mwili wakaukausha na kuubeba hadi Bagamoyo. Ukienda kule unaona mwisho wa njia iliyoanzia bandari ya nyumbani. Uganda watakupa nini cha namna hiyo?

Na kule si ndege tu. Kuna lechwe weusi, swala wa majini wasiopatikana kwingine duniani ila Bangweulu. Wanatembea kwa maelfu kwenye maji ya magotini, kwato zao ndefu na zimetanuka, hawazami topeni. Mwalimu wa baiolojia hiyo ni somo zima.

Bi_Newala
Kaka hapo juu kamkumbuka Livingstone kawasahau popo. Hifadhi ya Kasanka iko barabara ya Serenje kwenda Mansa, unaipita ukielekea Bangweulu. Kuanzia Oktoba hadi Desemba wanakusanyika popo wala matunda wanaokadiriwa kufika milioni 10, wote kwenye msitu mmoja mdogo wa kinamasi. Mchana wananing'inia kwa vishada mpaka matawi yanavunjika. Jua likizama wanainuka, anga lote linasogea, wanakwenda kutafuta matunda ya porini. Na nzohe utawaona, wale swala wa kujificha kwenye mafunjo. Mimi ningekwenda Novemba.

Ticha_Chikongola
Dada, Novemba niko kwenye mitihani. Shule zinafungwa Desemba, na hadi nifike Serenje popo watakuwa wanafunga mizigo 😅

Nahodha_Msimbati
Mabamba nimefika, mdogo wangu anaishi Entebbe. Mimi ni mtu wa vyombo kwa hiyo mtanisamehe nikianza na mtumbwi.

Ni wa mbao, mwembamba, mnakaa mmoja nyuma ya mwingine. Kwenye maji mapana wanatumia injini ndogo, mkifika kwenye mafunjo wanaizima wanashika upondo. Vijia vingine vina upana wa mtumbwi na ziada kidogo, mafunjo yamekupita kichwa, majani ya yungiyungi yanasugua ubavu wa chombo. Sisi wa Msimbati tumezoea upepo, mle ndani haupo. Vaa mikono mirefu, chukua maji, na simu ifunge kamba shingoni.

Sasa ndege mwenyewe. Kimo chake ni mita moja na zaidi kidogo, akisimama anakutazama usawa wako ukiwa umekaa. Na kusimama ndiyo kazi yake. Anakodolea maji bila kutikisika hadi unaanza kuongea na jirani yako kuhusu mambo mengine. Ukigeuka, keshajitupa mzima na mabawa yote, anaibuka na kamongo mdomoni pamoja na fungu la majani. Anauachia mdomo kidogo kidogo, majani yanadondoka pembeni, samaki anabaki. Kumwona amesimama ni jambo la kutegemea. Kumwona anavua ni bahati yako na ya subira ya mwenye upondo.

Zamani wavuvi wa pale walimwona ni nuksi, ukikutana naye asubuhi samaki huwapati, wengine walikuwa wakimuua. Mabamba ikaingia 2006 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya vinamasi muhimu vya dunia, na leo waongozaji wa wageni ni watu wa uvuvi wa hapohapo. Wanamjua kila ndege anakolala.

Fikeni gatini mapema, saa 12 na nusu asubuhi. Ulizeni bei ya mtumbwi mzima, na mpatane na mwongozaji kabla hamjakaa. Ikitokea hamkumwona, kituo cha wanyama cha Entebbe wanaye, ingawa nyuma ya uzio si raha ileile.

Kuchele_Boy
Mbona hamuitaji Kigali? Jiji safi, pikipiki abiria anapewa helmeti, na kuna hifadhi ya kinamasi ya Nyandungu mjini kabisa, imefunguliwa 2022.

Bi_Newala
Nyandungu ni ya kutembea kwa miguu asubuhi moja, nzuri, lakini ni bustani ya mjini. Korongo wake hayupo. Angekuwa anatafuta jiji peke yake ningemwambia Kigali bila kufikiri. Ila akienda akumbuke kule magari yanapita kulia, asivuke barabara kwa mazoea ya Mtwara.

Mtambaswala_Nanyumbu
Mnazunguka mbali mno. Daraja la Umoja liko hapa kwetu tangu 2010, unavuka Ruvuma upo Msumbiji. Hifadhi ya Gorongosa ina Ziwa Urema, mamba na kuro hadi unachoka, na jiji la upande huo ni Beira.

Dereva_Mstaafu
Mdogo wangu, Gorongosa nakubali. Lakini iko katikati ya Msumbiji, na kutoka darajani kwenda huko unaanzia Cabo Delgado ambako kuna vita tangu Oktoba 2017. Mwalimu na mumewe hawaendi likizo kupita huko kwa basi. Nako Desemba ni mvua.

Kuchele_Boy
Okavango ya Botswana basi.

Nahodha_Msimbati
Okavango inataka mfuko mwingine kabisa. Na ina saa yake: mvua inanyesha nyanda za juu za Angola mwanzoni mwa mwaka, maji yanatembea miezi kadhaa, yanafika upande wa Maun Juni, Julai, wakati Botswana yenyewe ni kiangazi. Pesa ya korosho ya Novemba ikifika Juni ikiwa haijaguswa, nipigie simu nije nione.

Ticha_Chikongola
Umeniua 😂 Haya, naona Desemba inanisukuma Uganda. Kampala je? Nisije nikakaa hotelini natazama runinga.

Shangazi_wa_Lindi (Kampala)
Mwanangu karibu, naishi huku, kwetu ni Lindi mjini. Kampala ni vilima na foleni. Usipange mambo mawili pande mbili za mji kwa siku moja, utaishia barabarani. Safari fupi fupi panda boda, ila patana kwanza.

Anza na msikiti mkubwa wa Old Kampala, ule uliojengwa kwa msaada wa Libya. Wanapokea wageni wa dini zote, mlangoni wanawake wanapewa nguo ya kujifunga. Panda mnara, ngazi ni zaidi ya 300, magoti yatalalamika, lakini juu mwongozaji anakuonyesha mji mzima kilima kwa kilima: Namirembe kanisa la Anglikana, Rubaga la Katoliki, Mengo kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Ukishuka, tayari una ramani kichwani. Baada ya hapo makaburi ya Kasubi walikolala Kabaka wanne. Nyumba kuu iliungua Machi 2010, imejengwa upya kwa nyasi na matete kwa mikono ya mafundi wa ukoo, na mimi naona hiyo inashinda jumba lolote la makumbusho. Soko la Owino nendeni, mikoba mbele. Njaa ikiuma kula rolex ya barabarani, chapati iliyoviringishiwa mayai na nyanya, ikitoka motoni.

Kiswahili: serikali ilikipitisha kuwa lugha rasmi 2022, lakini sokoni wengi bado ni Kiganda na Kiingereza. Salimia kwa Kiganda, bei inalainika.

Kuhusu njia, kama hamna haraka msipande ndege moja kwa moja. Piteni Mwanza, meli ya usiku hadi Bukoba, basi la kuvuka Mutukula. Baada ya Masaka mnapita kinamasi cha Lwera, barabara imekatiza katikati ya mafunjo, kisha mstari wa ikweta pale Kayabwe. Mkitaka, mnashukia Mpigi mnakwenda Mabamba kutokea huko, Kampala mnaiachia mwisho.

Mzawa_wa_Mikindani
Shangazi kaniharibia kesi yangu.

Ticha_Chikongola
Imeshaisha kaka, mzee kasikia habari ya meli na mnara keshaanza kuulizia begi. Uganda Desemba, Mabamba kwanza. Ila Bangweulu nimeiandika kwa Juni itakayojaliwa. Sasa mtu anisaidie la mwisho: pasipoti zipo, viza hatuhitaji, kuna kingine mpakani?

Dereva_Mstaafu
Kadi ya njano, chanjo ya homa ya manjano. Uganda wanaitaka mkiingia, na mtaulizwa tena mkirudi. Chomeni si chini ya siku 10 kabla ya kuvuka, kabla ya hapo haihesabiki. Ukishachoma ni ya maisha, itakufaa na safari nyingine. Na muwahi, msije mkaanza kuitafuta Desemba wakati tiketi iko mkononi.