Wachapishaji, acheni kufua hadithi za watoto kimyakimya!

#1

Wakuu, salaam kutoka Nyanda za Juu Kusini.

Sina ugomvi na kurekebisha kitabu cha zamani. Ugomvi wangu ni kurekebisha halafu kunyamaza. Vitabu vya ngano vinavyouzwa Mwanjelwa, Mbeya, na Iringa mjini, vingine vina jalada lilelile na michoro ileile, lakini ukikiweka kimoja kando ya nakala ya zamani unakuta maneno si yale. Fungua ukurasa wa hakimiliki: "Chapa ya tano". Basi, hakuna kingine! Chapa maana yake maandishi ni yaleyale, yamerudishwa tu mashineni. Ukiyagusa maandishi, hilo ni toleo jipya: linaandikwa "toleo lililorekebishwa", linapewa mwaka wake na ISBN yake, yaani namba ya utambulisho wa kitabu. Hakuna mhariri asiyelijua hili. Anayeandika "chapa" juu ya kitabu alichokikata anamdanganya mzazi, anamdanganya na mwalimu.

Na wanaofua wenyewe hawajui kufua. Chukueni neno "kipofu". Watu wengi hawalipendi kwa sababu ya hiyo ki- ya vitu, na wana hoja. Lakini tazameni linavyobadilishwa ndani ya shairi. Mstari wa mfano: "Kipofu kashika fimbo, yu njiani aja kwetu". Mizani, yaani silabi, 8 kwa 8. Mhariri anabonyeza badilisha-yote kwenye kompyuta, "kipofu" linakuwa "asiyeona". Mizani 3 zimekuwa 5, kipande cha kwanza kimefika 10, na mtoto anayelighani darasani anajikwaa palepale. Mwenye kujua kazi angeandika "Haoni, kashika fimbo". Ni 8 kamili, kina (mlio wa mwisho) cha -mbo kiko palepale, na hakuna aliyedharauliwa. Ni kazi ya dakika 5 kwa mtu anayehesabu kwa vidole, ila lazima ahesabu.

Vipimo navyo hivyohivyo. Kibaba na pishi ni vipimo vya zamani vya nafaka: vibaba vinne ni pishi moja. Mtu anageuza "pishi" kuwa "kilo" ili watoto wa leo waelewe, "kibaba" anakisahau kurasa mbili mbele, na sungura aliyemwibia fisi kibaba kimoja kati ya vinne sasa ameiba kitu kisichojulikana ni kiasi gani. Ujanja wote wa hadithi ulikuwa kwenye hiyo hesabu!

Neno "zeruzeru" liondoke, na hapo sitaki mjadala. Linamfanya mtu kuwa mzimu, na katika nchi hii watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa imani za namna hiyo. Andika "mtu mwenye ualbino". Lakini kama hadithi yenyewe inasema kiungo chake kinaleta mali, kubadilisha jina ni kupaka chokaa ukuta wenye ufa. Neno limesafishwa, sumu imebaki, na sasa haina hata harufu ya kumshtua mzazi. Hadithi ya hivyo iondolewe kwa watoto wadogo, iwekwe kwenye mkusanyo wa watafiti pamoja na maelezo.

Wazungu walishapita njia hii. Hergé, mchoraji wa katuni Mbelgiji, alipochora upya kitabu chake cha Tintin huko Kongo mwaka 1946, somo la darasani la "nchi yenu Ubelgiji" la toleo la 1931 akaligeuza kuwa hesabu za kujumlisha. Michoro ya Waafrika wenye midomo ya kukejeliwa akaiacha. Roald Dahl naye, mwandishi wa watoto wa Uingereza, kwenye kitabu chake cha kiwanda cha chokoleti cha 1964, aliwafanya wafanyakazi wa kiwanda, Oompa-Loompa, kuwa mbilikimo weusi kutoka Afrika wanaolipwa kwa kakao. Alilalamikiwa, akawabadilisha mwenyewe katika toleo la 1973. Yeye alikuwa hai na kalamu ilikuwa yake. Mwaka 2023, amekwisha kufa tangu 1990, wachapishaji wake, Puffin, wakabadilisha mamia ya maneno, hata "mnene" likawa "mkubwa mno". Kelele zilipozidi, wakatangaza kwamba maandishi ya zamani ya vitabu 17 yataendelea kuchapishwa pembeni ya mapya. Hicho ndicho ninachodai hapa: vyote viwili viwepo, kila kimoja na jina lake.

Februari hiyohiyo ya 2023 wizara yetu ya elimu hapa Tanzania iliondoa vitabu 16 mashuleni. Ukubali usikubali, kulikuwa na orodha, tarehe na waziri aliyesimama hadharani, kwa hiyo unajua pa kupeleka hoja. Huyu anayekata sentensi chini ya "chapa ya tano" unambana wapi?

Nawasilisha.

#2

Mkuu, umesahau nyimbo. Vitabu vya picha vinavyobanwa kwa pini lazima kurasa zigawanyike kwa 4. Kitabu cha kurasa 24 ukiongeza aya mbili za "ufafanuzi", unaingia 28 na gharama ya karatasi inapanda, kwa hiyo mhariri anatafuta pa kukata. Anakata wimbo wa Kinyakyusa au Kihehe unaorudiwa mara tatu, eti ni marudio. Kumbe marudio ndiyo mahali watoto wanapoitikia! Ukiutoa, msimulizi anasoma peke yake mpaka mwisho.

#3

Naomba kutofautiana kidogo, kaka. Mtoto wa miaka 6 hasomi ukurasa wa hakimiliki. Kwa umri huo mimi naunga mkono kulainisha, hata vifo.

#1

Dada yangu, ukurasa ule anausoma mwalimu anayechagua kitabu. Na vifo vina mpaka. Umpeleke mtoto makumbusho ya Kalenga, Iringa, asimame mbele ya fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, wakati kitabu chake kinasema chifu "alifariki". Atauliza kwa nini kichwa kiko peke yake. Mkwawa alijipiga risasi Julai 1898 asikamatwe, Wajerumani wakakata kichwa wakakipeleka kwao, kikarudi 1954. Kwa wa miaka 6 andika kitabu kingine kifupi, chenye jina lingine na jina la aliyekiandika. Kile cha zamani kiache kwa wa miaka 10.

@#2 umesema kweli tupu kuhusu nyimbo. Suluhisho lipo na haliongezi kurasa: ufafanuzi uingie upande wa ndani wa jalada la nyuma, ambao kwenye vitabu hivi kwa kawaida ni mweupe. Mistari mitatu inatosha: neno gani limebadilishwa, ukurasa gani, nani amebadilisha. Wenye nakala za zamani huko Tukuyu, Njombe na Mafinga, wekeni hapa picha za kurasa mbilimbili, ya zamani na mpya, tulinganishe mstari kwa mstari.