Mnaosoma riwaya za mapenzi na uchawi, sehemu za vita mnasoma au mnaruka?

Binti_Baruti
Habari za jioni wakuu. Mimi hizi riwaya za kufikirika sio msomaji kabisa, nimezoea zile za watu wa mjini wanaachana wanarudiana. Sasa mdogo wangu kaniachia kitabu kinene kama tofali, cha Kiingereza, binti kapelekwa kwenye ufalme wa watu wenye mabawa kulipia deni la baba yake, huko anakutana na mtoto wa mfalme ambaye hacheki na mtu. Nikasema upuuzi gani huu.

Juzi nimepanda mwendokasi Kivukoni, nimesimama, mkono mmoja bomba mkono mmoja kitabu, nimefika pale binti anamfunga jamaa kidonda cha begani, hakuna anayeongea, anazungusha kitambaa tu na jamaa kabana pumzi ili asimguse na bawa. Nakuja kushtuka niko Kimara mwisho na mimi nashuka Baruti 😂

Tatizo ni vita. Kila sura mbili tatu ramani, majeshi, majemadari wenye majina ambayo hata kutamka huwezi. Naruka zote narudi kwa wapenzi wangu. Mdogo wangu anasema nimetenda dhambi. Nyie mnafanyaje?

Fundi Kochi
Dada ruka, hela umetoa wewe (au mdogo wako). Mbona kwenye muvi watu wanapeleka mbele na hakuna polisi anayekuja.

mchokonozi
Mimi swali langu lingine, huyo mtoto wa mfalme ana miaka mingapi? Maana nilisoma moja stelingi ana miaka 500 na binti ana 19, nikawa kila wakishikana mikono nawaza huyu babu si alikuwepo kabla hata Mreno hajajenga Fort Jesus Mombasa. Utamu wote ukakata.

Binti_Baruti
@mchokonozi 312 😭 ila kwa sura ni wa 25, niache

Mama Wawili Tabata
Mimi nakataa kuruka. Nimesoma hizi tangu nikiwa na mimba ya wa kwanza, usingizi ulikuwa hauji, na nilichokuja kukiona ni kwamba zile za watu wa mjini kinachowatenganisha wapenzi mara nyingi ni simu haikupokelewa, yaani wangekaa chini dakika tano wakaongea hadithi imekwisha. Huku kwenye uchawi kinachowatenganisha ni kitu cha kweli, kiapo, laana, yeye akimchagua huyu mji mzima unaungua. Ndio maana kufunga kidonda tu kunakupitisha kituo. Ukiitoa vita unabaki na watu wawili wanaotazamana kurasa mia nne. Na mapenzi yenyewe haya ni ya maharage kwenye mkaa, ukichochea moto ili yaive haraka unaunguza.

Ila majina ya majemadari mimi pia siyasomi, namwita huyu wa ndevu, huyu wa farasi.

Mwalimu_K
Mnaongea kama vitu hivi vimeletwa na meli juzi. Shaaban Robert, Adili na Nduguze, 1952. Adili anafika mji ambao watu wote wamegeuka mawe, anamkuta binti mmoja tu yu hai, wanapendana, kaka zake wanamwonea wivu wanamtosa baharini, anaokolewa na jini Huria, na kaka zake wanageuzwa manyani anaotakiwa kuwachapa kila usiku. Chanzo chake ni kwenye hekaya za Kiarabu. Na hiyo ya binti kulipia kosa la baba kwa kiumbe wa ajabu, mwandishi Villeneuve wa Ufaransa aliiandika 1740, ndiyo hiyo Beauty and the Beast. Mleta mada soma Adili, kijitabu chembamba, hakina hata ramani.

Fundi Kochi
Mwalimu tulikisoma shule tukachapwa sisi badala ya manyani

Binti_Baruti
Nimerudi. Maneno ya Mama Wawili yamenikaa kichwani, usiku nimefungua sura ya 22 ambayo niliiruka. Jamani. Kile kidonda cha begani kakipatia humo, alikuwa anamkinga yule jemadari mzee aliyemchukua binti siku ya kwanza kulipia deni, na kabla hajafa yule mzee akamwomba asimwambie binti ni nani kauza jina lake. Kwa hiyo pale anafungwa kitambaa amebana pumzi mimi nikajua ni aibu ya mapenzi, kumbe jamaa ana siri mdomoni! Nimesoma ile sura ya kidonda upya yote imebadilika. Sasa inabidi nirudi nyuma nisome na zile nyingine sita.

mchokonozi
Ukimaliza niazime, niko Ubungo hapa. Nitavumilia hiyo 312.

Binti_Baruti
Kuna foleni, mama yangu kashakipora. Yeye ni mwalimu mstaafu, mwanzo alisema ni kitabu cha mashetani, sasa hivi kaniita kutoka chumbani eti hawa wenye mabawa wanalala chali au kifudifudi.